Umeme Ulikatika, Nikadhani WhatsApp Yangu Imejifunga

Leo sina mbinu ya kupata wafuasi wala ya kupiga picha za bidhaa. Nina kisa kilichonitoa shilingi 140,000 na nusura kinipotezee wateja wawili wazuri. Ndani yake kuna mambo kuhusu kivinjari, yaani ile Chrome au Firefox unayofungulia kurasa, ambayo mimi nilikuwa siyajui kabisa pamoja na miaka yote hii ya kuuza mtandaoni.

Mimi nipo Tukuyu. Natuma parachichi, ndizi za kupika na mchele wa Kyela kwa wateja wa Dar, Dodoma na Mbeya mjini. Oda zinaingia WhatsApp, mzigo unafungwa jioni, alfajiri unapanda basi, mteja anaupokea stendi akiwa na picha ya risiti. Biashara ya kawaida, wengi wenu mnaifanya.

Siku hiyo ilikuwa ya mvua, na anayeijua Tukuyu anajua nikisema mvua namaanisha nini. Nilikwenda steshenari moja ya mjini kuchapisha orodha ya bei na lebo za kubandika kwenye maboksi. Kwa kawaida unamtumia mtu wa steshenari faili kwenye WhatsApp yake, anachapa, unalipa, unaondoka. Siku hiyo simu ya steshenari haikuwa na bando. Kijana akaniambia, "Dada, fungua tu WhatsApp yako hapa kwenye kompyuta, skani, tushushe faili." Nikaskani. Faili likashuka, tukachapa kurasa nne. Ya tano ikiwa bado imeng'ang'ania ndani ya printa, umeme ukakatika. Giza.

Tulisubiri kama nusu saa tukiongelea mvua. Nikaona ninachelewa kufunga mzigo, nikalipia zile kurasa nne, nikaondoka. Kichwani hesabu yangu ilikuwa rahisi: kompyuta imezima, basi WhatsApp yangu imejifunga. Usiku nikazima data ya simu kama kawaida yangu, bando lisiishe. Nikajua hata kama kuna kitu kilibaki wazi kule, sasa kimefungwa mara mbili.

Siku nne baadaye mteja wa Dodoma akanipigia. "Dada, hii namba mpya ya kulipia mbona inaleta jina la mwanaume?"

Namba gani mpya? Akanisomea ujumbe. "Habari mteja wangu, namba yetu ya malipo ina hitilafu leo, tumia hii hapa." Umetoka kwenye akaunti yangu, una picha yangu, umekaa chini ya mazungumzo yetu wenyewe ya kupatana bei. Kwenye simu yangu ujumbe huo haukuwepo. Aliyetuma alikuwa akimaliza anaufuta upande wangu.

Nikiwa bado natetemeka, ukaingia ujumbe wa sauti wa mama mmoja wa Mbagala anayeuza juisi, mteja wangu wa muda mrefu. "Mwanangu, hela nimeshatuma tangu jana kwenye ile namba. Mzigo unapanda lini?" Shilingi 140,000. Kwa mtu anayeuza juisi kwa glasi, piga hesabu mwenyewe ni glasi ngapi.

Nilifungua WhatsApp, nikaingia kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Hapo kwenye orodha kulikuwa na kifaa kimoja ambacho si changu: Chrome, kompyuta ya Windows, mara ya mwisho kutumika asubuhi ile ile. Nikakibonyeza, nikakitoa. Ilinichukua sekunde tano, kazi ambayo ningeifanya siku nne nyuma.

Nani alifanya? Sijui mpaka leo. Kompyuta ya steshenari inakaliwa na watu wengi kwa siku: mwanafunzi anachapa barua, mwingine anaomba kazi, mwingine anasubiri mvua iishe. Sitamtupia mtu lawama nisiyoweza kuithibitisha. Ile namba niliituma kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli. Mama wa Mbagala nilimtumia mzigo wake kwa hela yangu. Alikataa kwanza, akasema tugawane hasara. Nikamwambia hapana mama, ujumbe ulitoka kwangu.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Nilimpigia kijana wa Mbeya aliyenitengenezea mfumo wa oda, ule unaofunguka kwenye kivinjari. Nikamweleza yote, pamoja na umeme kukatika. Akanijibu hivi: "Dada, umeme ulikata soketi. Ruhusa uliiacha pale pale." Ikabidi anieleweshe polepole, na nitajitahidi kukueleza kama nilivyoelewa.

Soketi anayoizungumzia siyo ile ya ukutani ya kuchomekea chaja, ingawa wazo halipo mbali sana. Ukurasa wa kawaida wa intaneti unafanya kazi kama kumpigia mkulima simu. Unapiga, unauliza "parachichi zimekomaa?", anajibu, mnakata. Ukitaka kujua tena, unapiga tena. Kwa kusoma habari hiyo inatosha. Kwa kuchati haitoshi, maana ujumbe unaweza kuingia dakika yoyote. Zamani watengenezaji walikuwa wanaufanya ukurasa uulize kila baada ya sekunde chache, kuna jipya? kuna jipya? Na kila swali linabeba maneno yake mengi ya utangulizi, bando linaliwa hata jibu likiwa hapana.

Desemba 2011 ukatoka utaratibu rasmi unaoitwa WebSocket. Unaanza kama ombi la kawaida la ukurasa, ila ndani yake kivinjari kinasema: tusikate, tuendelee hapa hapa. Seva ikikubali inajibu kwa namba 101, na kuanzia hapo laini inabaki hewani. Upande wowote unaweza kusema bila kuulizwa, na kila ujumbe unaongezewa baiti chache tu za utangulizi. Hiyo ndiyo soketi. WhatsApp Web inatumia laini ya namna hiyo, na mifumo mingi ya oda inayokuonyesha oda mpya bila wewe kufungua ukurasa upya inafanya hivyo hivyo.

Laini hiyo ni dhaifu kuliko unavyodhani. Umeme ukikatika inakufa. Ukitoka kwenye Wi-Fi ukaingia kwenye data ya simu inakufa. Ila ruhusa ni kitu kingine. Nilipoiskani ile QR, simu yangu iliikabidhi Chrome ya steshenari funguo, na funguo zile zikahifadhiwa kwenye diski ya kompyuta. Diski haisahau kwa kukosa umeme. Umeme uliporudi, mtu akawasha, akafungua Chrome, ukurasa ukachukua funguo zake, ukapiga soketi mpya, na seva ikaupokea kama mwenyeji. Hakuna aliyeniuliza tena. Kwa nini aniulize? Nilisharuhusu.

Na ile data niliyozima usiku? Hapa ndipo nilipocheka kwa uchungu. WhatsApp Web ilipoanza Januari 2015, mazungumzo yote yalikuwa yanapitia kwenye simu yako. Simu ikikosa mtandao, kompyuta inakwama. Ule ushauri wa "zima tu data" ulizaliwa enzi hizo, na mpaka leo tunaupokezana kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka 2021 mfumo ulianza kubadilishwa. Sasa vifaa hadi vinne vinaunganishwa pamoja na simu yako, na kila kimoja kinaongea na seva chenyewe. Simu inaweza kuwa imezima kabatini, kompyuta inaendelea kupokea na kutuma kwa jina lako. Ni mpaka simu ikae zaidi ya siku 14 bila kutumika ndipo vile vifaa vinatolewa. Mimi nazima data usiku, nawasha alfajiri kuangalia basi. Siku 14 zingefika lini?

Kitu kingine kilichonishangaza: kivinjari kinauliza ruhusa ya mambo mengi, ila ya kufungua laini hakiulizi. Ukurasa ukitaka kamera, unaulizwa. Mahali ulipo, unaulizwa. Maikrofoni, arifa, unaulizwa. Lakini ukitaka kufungua soketi kwenda kwenye seva fulani, unafungua tu kimya kimya, huoni hata dirisha dogo. Kilichozuiwa ni ukurasa kujifungulia soketi ghafi za kwenda popote na kuzungumza lugha yoyote kama programu ya kompyuta inavyoweza. Inabidi upite kwenye njia za kivinjari zenye masharti yake.

Shangazi yangu wa kule Masoko, anayenikusanyia ndizi, alikuwa na ile Smart Kitochi ya Vodacom. Nilikuwa naidharau, kumbe ina somo. Kitochi ile inatumia KaiOS, ambayo imetokana na Firefox OS, na programu zake zimetengenezwa kwa vitu vile vile vinavyotengeneza kurasa za intaneti. Kila programu inakuja na karatasi yake inayotaja inachotaka: majina ya watu, kamera, na hata soketi ghafi. Hiyo ya soketi ghafi haikutolewa kwa kila programu, ilitakiwa iwe imepitiwa na kusainiwa dukani kwanza. Yaani kwenye kitochi kulikuwa na mtu mlangoni. Kwenye kivinjari chako, mlinzi wa laini ni wewe mwenyewe, kwa kuchagua ukurasa gani unaufungua na nani unamskania. (WhatsApp kwenye KaiOS ilisitishwa mwanzoni mwa 2025. Shangazi karudi kwenye SMS, nikimtumia hela anajibu "ndaga fijo" na kaishia hapo. Anasema ana amani.)

Mpaka hapa nimeongelea laini kufa huku ruhusa inaishi. Kinyume chake nilikwishakipata mapema zaidi, na chenyewe kinakula wauzaji kimya kimya kuliko utapeli.

Jumapili ya Mei 12, 2024 mnaikumbuka. Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikayumba nchi nzima. Mimi asubuhi nilikuwa nimefungua mfumo wangu wa oda kwenye laptopu. Juu kabisa kuna kidoti cha kijani kimeandikwa "Imeunganishwa". Nikatoka kanisani, nikaangalia: kijani. Nikapika, nikaangalia: kijani, hakuna oda. Nikasema aah, Jumapili watu wamepumzika. Jioni inaingia SMS ya kawaida, "Dada mbona hupokei oda, tangu asubuhi najaribu." Nikabonyeza kufungua ukurasa upya, ukagoma kufunguka. Kile kijani kilikuwa picha ya asubuhi.

Kijana wa Mbeya ananiambia hilo ni jambo linalojulikana. Laini inaweza kukatika katikati bila upande wowote kuambiwa. Kama hakuna anayesema kitu, kila upande unadhani mwenzake amenyamaza tu. Na kompyuta ukiiuliza "una mtandao?", inaweza kujibu ndiyo kwa sababu tu imeshika Wi-Fi ya nyumbani, hata kama nje ya hapo hakuna kinachopita. Siku ya nyaya kila mtu alipata shida, hiyo sawa. Ila hapa kwetu hali hiyo inatokea kwa kiwango kidogo mara nyingi tu: mvua kubwa, umeme umekatika, au uko njiani kuelekea Uyole na simu inashika na kuachia.

Kwa hiyo kama unamlipa mtu akutengenezee mfumo wa oda, au unatumia wa kukodi, muulize maswali haya kabla hujatoa hela. Je, mfumo unapiga "hodi" kila baada ya muda mfupi, tuseme sekunde 30, na usipojibiwa unakiri kwamba laini imekufa? WebSocket ina ujumbe mdogo wa kazi hiyo, unaitwa ping, na jibu lake pong. Kwenye kivinjari ukurasa wenyewe hauwezi kuituma ile ping rasmi, kwa hiyo fundi lazima aweke hodi yake upande wa seva au atunge ya kwake kwenye ukurasa. Akikuambia "WebSocket inajiangalia yenyewe", huyo bado. Swali la pili: laini ikirudi, mfumo unaomba oda zilizopita wakati haupo? Maana soketi mpya inaanzia pale inapoanzia. Yaliyosemwa wakati umekatika hayakungojei, mpaka mfumo useme "nipe kila kitu baada ya oda namba fulani". Wangu ulikuwa haufanyi hivyo. Nilipoteza oda ngapi kabla ya kugundua? Sitaki hata kufikiria.

Mimi nilimwomba aondoe kile kidoti cha kijani kabisa. Mahali pake ameweka saa: "Mara ya mwisho kusikia kutoka kwa seva: 4:12 asubuhi." Saa haidanganyi kama rangi. Nikiona imesimama, najua.

Kuna na hili la kichupo kulala. Ukifungua kurasa nyingi, zile ulizoziacha nyuma Chrome inazipunguzia kazi. Tangu 2021, saa za ndani za ukurasa uliofichwa kwa dakika kadhaa zinaweza kuruhusiwa kuamka mara moja tu kwa dakika. Na kuanzia mwishoni mwa 2022 kuna kipengele cha kuokoa kumbukumbu ambacho kinaweza kuuondoa kabisa ukurasa usioutumia, jina lake linabaki pale juu lakini ndani hamna kitu mpaka uubonyeze. Kwa laptopu zetu za mtumba zenye kumbukumbu ndogo hilo si la kushangaza. Ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu inayohusu utendaji, uongeze anuani ya mfumo wako kwenye orodha ya kurasa zinazotakiwa kubaki macho. Kwenye simu usitegemee hata hilo. Ukitoka kwenye kivinjari ukaingia TikTok, hesabu kwamba ukurasa wako umelala.

Ndiyo maana ruhusa ya arifa ina maana kwa muuzaji. Arifa haiji kupitia soketi ya ukurasa wako. Inakuja kupitia laini moja ambayo simu au kivinjari kinaishika kwa niaba ya kurasa zote ulizoziruhusu, kwa hiyo inaweza kufika hata ukurasa umefungwa. Kwa wenye iPhone, hilo limewezekana tangu mfumo wa 16.4 mwaka 2023, na ni lazima kwanza uuweke ukurasa kwenye skrini ya mwanzo kama programu.

Lakini ruhusa hiyo hiyo ndiyo inayochezewa kuliko zote. Umeshakutana na ukurasa unaosema "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti"? Hakuna uthibitisho hapo. Umeruhusu arifa, na kuanzia kesho zitakuja "simu yako ina virusi 5", "umeshinda", "mkopo wa haraka". Dada mmoja jirani yangu sokoni alibeba simu kwa fundi akidhani imeharibika. Tulikaa naye, tukafungua mipangilio ya tovuti, sehemu ya arifa, tukakuta kurasa kumi na kitu zimeruhusiwa. Tukazifuta zote tukabakisha moja. Simu ikapona bila fundi.

Kanuni yangu sasa ni kuuliza: huyu anayeniomba, kazi yake inahitaji hiki? Mfumo wa oda kuomba arifa, sawa. Ukurasa wa kubadili picha kuwa PDF kuomba mahali nilipo, wa nini? Na ukikosea ukabonyeza Ruhusu siyo mwisho wa dunia. Bonyeza ile alama iliyo kando ya anuani ya ukurasa, utaona ruhusa zote ulizoupa, unazirudisha moja moja.

Ukiwa na ukurasa wako wa kuuzia, geuza upande. Usimrukie mteja na ombi la mahali alipo dakika anayofungua. Hajakujua, atabonyeza Zuia, na kivinjari kitakumbuka hilo kesho na keshokutwa. Mimi ombi langu linatokea pale tu anapobonyeza "nitumie mpaka nilipo", wakati huo sababu anaiona mwenyewe. Na hakikisha anuani yako inaanza na https. Ikiwa ni http tupu, Chrome haitatoa kamera wala mahali hata mteja akiwa tayari, ni hivyo tangu 2016 kwa mahali. Ukurasa wa https nao lazima soketi yake iwe ya siri pia, ile inayoanza na wss. Fundi akiweka ws, kivinjari kinaikataa, na wewe utaambiwa "mtandao unasumbua" wakati tatizo ni herufi moja.

Wenye printa ndogo za risiti: tangu 2025 Chrome imeanza kuuliza pale ukurasa wa nje unapotaka kuzungumza na vifaa vilivyo ndani ya Wi-Fi yako. Kama mfumo wako wa mauzo unachapa kwa njia hiyo, ukikataa bila kusoma utashangaa risiti hazitoki. Ukurasa mwingine wowote ukiuliza hivyo, kataa.

Nirudi kwenye QR, kwa sababu hapo ndipo hela zinapotokea. Matapeli hawahitaji steshenari. Anakutumia ukurasa wa "piga kura kwa mwanangu" au "pokea zawadi ya mjasiriamali", ndani kuna QR ya kuskani kwa WhatsApp. Ile QR ni ya WhatsApp Web yake, ukiiskani umemwingiza. Au anakuambia kuna msimbo wa herufi na namba 8, uuingize kwenye WhatsApp yako ili "kuthibitisha duka". Ule ni msimbo wa kuunganisha kifaa. Hakuna haja ya kukudukua, umefungua mlango mwenyewe kwa ukarimu.

Na kumbuka vilivyomo ndani ya hizo chati. Majina ya wateja, namba zao, mitaa wanayokaa, picha za risiti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na inamhusu anayekusanya taarifa za watu. Sisemi mtakamatwa kesho. Nasema yule mama wa Mbagala hakunipa namba yake ili mtu asiyemjua aisome kwenye kompyuta ya kuchapishia barua.

Utaratibu wangu sasa ni Jumapili jioni, baada ya kufunga hesabu. Nafungua vifaa vilivyounganishwa, nasoma kila jina na saa yake ya mwisho, nisichokitambua nakitoa, nikiwa na shaka nakitoa pia. Changu nitakiunganisha tena, ni dakika moja. Kisha naangalia ruhusa za arifa kwenye Chrome ya simu. Kisha natuma oda ya uongo kutoka simu ya mdogo wangu, "ndizi mkungu 1, jaribio", naangalia kama inatua. Imeshawahi kutotua mara mbili.

Steshenari nimerudi, mvua haikuniachia. Ila siskani tena kwenye kompyuta yao. Natembea na flashi, au nawawashia bando la simu yangu kidogo wapokee faili kwenye WhatsApp yao. Siku ikishindikana kabisa, naomba wafungue dirisha la faragha la kivinjari, ambalo likifungwa linasahau funguo. Hata hivyo kabla sijatoka mlangoni nakitoa kifaa kwenye simu yangu, nasubiri nione skrini yao imerudi kwenye QR. Yule kijana ananicheka. Siku hizi ananigeuzia skrini mwenyewe bila kumwambia.

Mama wa Mbagala kaagiza tena wiki iliyopita. Kabla ya kulipa alinipigia simu ya kawaida, akanisomea jina linalotokea kwenye namba ya malipo herufi kwa herufi, nikaitikia, ndiyo akaweka namba ya siri. Mzigo ulipanda basi alfajiri.